Kitanda Nilichowatandikia Wajukuu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Nimekuja kumshukuru Mungu kwa ombi alilonikatalia. Tulieni mnisikilize.

Mimi ni mjane. Naishi peke yangu hapa Nangwa, kwenye nyumba ya matofali mabichi aliyojenga marehemu mume wangu. Mvua za mwaka huu zilinyesha sana, ukuta wa nyuma ukalowa. Nikaukandika udongo kwa mikono yangu, nikasema umepona.

Jioni moja nikaona baiskeli mbili zinaingia uani, zimefungwa mizigo mbele na nyuma kama punda wa mnadani. Anashuka mjukuu wangu Neema, amevaa suruali, na mumewe Joshua, vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mmefukuzwa na nani?"

Wakacheka. Kumbe wametoka Arusha kwa hizo baiskeli, wamepita Mbulu na Dongobesh, wanakwenda Singida, na njiani wanalala kwenye hema. Hakuna aliyewatuma. Wanafanya kwa kupenda tu. Ndugu zangu, nilishtuka nikatafuta kigoda nikae.

Nikawapikia ugali na maziwa. Nikatandika kitanda changu kwa ile shuka nyeupe ninayoitunza kwa wageni. Kutoka nje, nawakuta wanasimamisha hema kando ya zizi.

"Bibi, tuliahidiana tutalala humu safari nzima," Neema akasema.

"Nyumba ipo, nanyi mlale nje kama ndama?"

"Mke wangu," Joshua akanitania, maana mume wa mjukuu huniita hivyo, "kama una wivu, ingia. Nafasi ya mtu wa tatu ipo."

Sikucheka. Nikamwambia mimi siingii kwenye mfuko. Na jirani yangu naye akawa anapita na kuni zake kichwani. "Bibi yake Neema, nyumba imejaa mahindi, wajukuu wamekosa pa kulala?"

Neno lile lilinichoma. Kwetu mgeni akilala nje, watu husema mwenye nyumba amemfukuza. Kesho yake ningelisikia kisimani kwa kila mdomo.

Nikaingia jikoni, kwenye kibanda changu cha uani, nikapiga magoti. Bwana, waingize ndani hawa watoto, usiniaibishe. Niliomba kwa ukali. Nilipochungulia nikaona wameshafunga mlango wa hema. Nikasema, hata wewe Mungu umenidharau.

Sasa, kitanda kikishatandikiwa mgeni, mwenyewe halali hapo. Nikatandaza ngozi ya ng'ombe jikoni, nikaacha mlango wazi, ili atakayepita aone kwamba na mimi niko nje pamoja nao. Nililala nimenuna.

Alfajiri nimeinama napuliza moto wa chai, nikasikia kishindo. Nilidhani lori limeacha barabara. Nikatoka. Vumbi limejaa uani, mabati yameinama. Ukuta wa nyuma wote umelalia ndani, juu ya kitanda. Chini ya matofali imetokeza ncha ya ile shuka nyeupe.

Ndugu zangu, nilikuwa nimewatandikia hapo. Kwa mikono hii.

Joshua alitoka kwenye hema bila viatu, akayarukia yale matofali, anachimba kwa kucha na kuita Bibi, Bibi. Neema amekaa chini, ameshika kichwa. Mimi nimesimama mlangoni pa jiko, nyuma yao, mdomo uko wazi na sauti haitoki. Anafukua maiti yangu nami namtazama.

Sauti ilipokuja, nikasema, "Mume wangu, unamtafuta nani?"

Akageuka. Akakaa juu ya matofali, mtu mzima yule, akalia kama mtoto.

Wewe unayenisikiliza, labda uliomba kitu ukanyimwa, na sasa umemnunia Mungu. Mimi nilimnunia, wakati yeye anawatoa wajukuu wangu chini ya ukuta ule, na mimi pamoja nao. Mtegemee hata pale anapokukatalia. Anaona nyuma ya nyumba yako, mahali wewe ulipokandika udongo ukasema pamepona.

Wale watoto wameendelea na safari yao, wanalala kwa watu. Hema wameniachia mpaka ukuta usimame tena. Mlango wake ni mfupi, hauingiliki kwa kusimama. Kila jioni naingia kwa magoti, na nikishafika hapo chini, siinuki kabla sijamshukuru.