Jina la Msindikizaji

Benchi la kijiwe hiki lina miguu mitatu na tofali moja, na liko mbele ya kibanda cha Spana, fundi baiskeli. Mama Pacha huweka birika lake la kahawa hapo kila asubuhi, na kila asubuhi wanaomkalia kooni ni wale wale: Spana mwenyewe, Dokta, mzee aliyelinda geti la hospitali miaka ishirini akastaafu na udaktari, na Bunge, kinyozi, mdogo wa mumewe, ambaye hajawahi kunyoa kichwa bila kukihutubia. Miezi saba iliyopita Spana alimwambia Mama Pacha kwamba hata kilomita nane hawezi kukimbia. Yeye, kwa hasira, akajibu, "Themanini." Neno likawa limetoka mbele za watu. Tangu hapo huamka kabla ya watoto wake pacha, akakimbia, akarudi kuwasha jiko. Sasa mbio zenyewe zilibaki siku kumi na moja, na fomu yake ya kujiandikisha ilikuwa imerudishwa.

— Saa sita mchana leo iwe imefika, la sivyo wananikata jina, alisema Mama Pacha. Nani aliandika hapa?

Spana alinyoosha shingo. Palipoandikwa "Jina la msindikizaji" palikuwa na jina la Mama Pacha, kwa herufi kubwa.

— Mimi. Wameuliza msindikizaji. Si wewe? Kwani unaenda kushinda?

Bunge alicheka hadi kahawa ikampalia.

— Msindikizaji ni mtu wa kunisubiri kilomita ya hamsini, Spana! Na maji, blanketi, soksi kavu. Bila yeye hawakuachii kupanda mlima.

— Basi wangesema hivyo. Timu ya mkiani inaitwaje? Msindikizaji. Mgombea wa kura nne je? Msindikizaji. Kiswahili sikukitunga mimi.

— Haya. Nimwandike nani? Mume wangu yuko njiani na lori mpaka mwisho wa mwezi. Mama mkwe anabaki na watoto.

Aliwatazama mmoja mmoja. Dokta akakohoa.

— Kabla hatujafika huko, binti yangu. Goti lina idadi yake ya kukunjwa, umezaliwa nayo. Kilomita themanini unamaliza mikunjo yako yote ya uzeeni. Utakuja kukaa msibani umesimama.

— Umeyasoma wapi hayo?

— Getini. Niliona wakiingia wamekunja, wakitoka wamenyooka.

— Goti si hoja, alidakia Bunge. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Shida ni nywele, shemeji. Ukikimbia sana damu yote inashuka miguuni, kichwa kinakauka. Nimenyoa wakimbiaji wawili, wote vipara.

— Walikuja na vipara vyao?

— Walikuja navyo. Lakini walivitoa wapi?

Mama Pacha alimimina kahawa. Kila nadharia ilikuwa inakunywa vikombe viwili. Saa nne ilishapita, na mstari ulikuwa bado na jina lake.

— Nyie mnaongelea kufika, alisema Spana. Mimi naogopa kusimama. Baiskeli ikienda mfululizo inasahau breki. Huyu atafika mwisho, apitilize. Tutasikia yuko nchi ya tatu huko, anauza kahawa.

— Haba na haba hujaza kibaba, alikubali Dokta, na hakuna aliyemuuliza kibaba kimeingiaje.

— Jina! alisema Mama Pacha. Naomba jina moja tu!

— Taratibu, shemeji. Haraka haraka haina baraka.

— Ni mbio, Bunge!

Hapo akatokea mwanamke anasukuma baiskeli yenye madumu ya maziwa, tairi la nyuma limelala chini.

— Habari zenu. Fundi yupo?

— Yupo, alisema fundi. Subiri kidogo, dada, tuna kikao.

Muuza maziwa akaegemeza baiskeli, akasubiri. Akasikia ya goti yakirudiwa, akasikia ya vipara. Akainama kuitazama fomu.

— Samahanini. Huyo wa kumsubiri kilomita ya hamsini ni nani?

Dokta alichungulia ndani ya kikombe chake. Bunge aligundua vumbi kwenye kiatu. Spana alishika spana, na hakuwa na baiskeli mbele yake.

— Jumamosi ndiyo siku ya vichwa, alisema Bunge hatimaye.

— Mimi mlima na hili goti… alisema Dokta.

Spana alinyoosha kikombe.

— Ongeza kidogo, Mama Pacha, tufikirie vizuri.

Mama Pacha aliinamisha birika. Likatoa tone moja, kisha machicha.

— Imeisha.

Akamgeukia muuza maziwa.

— Dada, Jumamosi ya wiki ijayo ukishagawa maziwa unafanya nini?

— Nalala. Kwa nini?

— Unaweza kukaa mahali na blanketi, unanisubiri?

— Kusubiri tu? Mwenzangu, huyu ni fundi wa tatu leo kuniambia nisubiri, na hakuna aliyenipa hata pa kukaa. Utachelewa sana?

— Sana.

— Basi nitakuja na kigoda.

Bunge alisimama. Benchi likayumba juu ya tofali lake.

— Shemeji! Mtu mwenyewe humjui hata jina!

— Ndilo ninalotaka kuandika, alisema Mama Pacha, akakata jina lake kwa mstari mmoja. Yenu nayajua yote.