Risala ya Kuiombea Kompyuta Inayopoteza Mtandao

Mgeni rasmi. Mzee Melkizedeki, mwenyekiti wa bodi ya kituo chetu. Mwalimu wetu Luqman. Wazazi na wageni waalikwa: shikamooni.

UKARIBISHO
Mgeni rasmi, karibu sana mtaani kwetu Sakina. Tumefurahi kuziona kompyuta mpya ulizotuletea. Tumeambiwa pia kwamba gari lililozileta litaondoka na zile za zamani jioni hii. Tunaomba utusikilize mpaka mwisho, maana tuna neno juu ya mojawapo.

TULIKOTOKA
Tulianza kama darasa la cherehani. Tangu biashara ya nje ifunguliwe, mitumba imejaa kila mahali, na wateja wa kushonewa wamepungua. Ndipo kituo kikapokea kompyuta zilizotumika kutoka nje. Mwalimu Luqman aliziwekea mfumo wa bure, ule ambao mtu anaruhusiwa kuufungua na kuangalia ndani. Wengi wetu hatukumaliza shule ya msingi. Kiingereza cha kwenye skrini tunakisoma herufi kwa herufi: mmoja anataja, mwingine anaandika, na hakuna anayebonyeza kitu kabla ujumbe wote haujasomwa kwa sauti.

TULICHOJIFUNZA
Kompyuta ziliwaka vizuri ila hazikuonana. Taa ya kadi ya mtandao inawaka, lakini ukiita kompyuta ya jirani, kimya. Tulibadilisha nyaya, wapi. Mwenzetu Twahira akasema, "Labda hazijasalimiana." Nashilu, naye wa kikundi chetu, akamjibu, "Basi nenda kazitambulishe, si wewe ndiye shangazi wa harusi!"

Mwalimu akatueleza kuwa katikati ya mfumo kuna kiini kinachoendesha kila kitu, na kiini hakijui lugha ya kadi. Kinahitaji draiva, yaani programu ya kutafsiri, kama nesi wa hospitali ya Nkoaranga anavyosimama kati ya bibi anayesema Kimeru na daktari mgeni. Kumbe kosa lilikuwa letu. Sisi wa cherehani tumezoea kuamini karatasi iliyobandikwa kwenye jora la kitambaa, kwa hiyo tulichagua draiva kwa jina lililoandikwa kwenye boksi la kadi. Nashilu ndiye aliyeuliza, "Na kama boksi ni la kadi nyingine?" Tukachomoa kadi, tukasoma namba iliyochapwa juu ya chipu yenyewe. Haikulingana na boksi. Tukaweka draiva ya namba ile, kompyuta zikaitikiana. Twahira alipiga vigelegele hadi fundi pikipiki wa jirani akaja kuuliza nani kajifungua.

KINACHOTUSUMBUA
Imebaki moja, ya pale dirishani. Draiva ni sahihi, lakini mtandao unakuja na kupotea. Ujumbe wa kiini ulionyesha kuwa kadi ya mtandao na kadi ya sauti zinakipigia hodi kwa namba ileile. Tukadhani kiini kinashindwa kujua nani yuko mlangoni. Tukaitoa kadi ya sauti. Mtandao ukatulia, tukashangilia, kisha ukapotea tena. Tukaihamishia kadi yake ya mtandao kwenye kompyuta nyingine, huko ikafanya kazi bila shida. Basi ni nini? Mwalimu naye anasema hajui, na anacheka akisema hivyo.

OMBI
Kompyuta mpya zimefungwa kwa muhuri, na tumeelezwa kuwa zikiharibika ataitwa fundi kutoka mjini. Tutazitunza vizuri, wala hatutagusa muhuri. Ila tukibaki na hizo peke yake, hatutafungua tena kitu chochote, na tulikuwa ndiyo kwanza tumeanza kuuliza. Tunaomba ile ya dirishani ibaki. Hata isipopona, ibaki.

Mgeni rasmi, zile nyingine za zamani tumekwisha kuzifunga kamba, zinasubiri gari. Hiyo ya dirishani hatujaizima. Ujumbe wake wa mwisho uko kwenye skrini, na wewe ulipoingia tulikuwa tumeusoma hadi mstari wa katikati.

Mwenyezi Mungu akurudishe salama kwa familia yako, naye akubariki kwa kuja kwetu.

Ni sisi,
Kikundi cha Cherehani na Kompyuta, Sakina.
Imesomwa kwa niaba yao na Rukaiya Abdulsalam.