Mama Aliyeomba Binti Yake Afeli

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Mama Jeannine, msusi wa Doornfontein, aliyetutoka wiki iliyopita kwa kisukari. Mama Jeannine, mama yake Luteni Arlène, rubani wa helikopta za jeshi. Mzazi mwenzangu, sikiliza vizuri. Humu ndani mna onyo.

Arlène alizaliwa hapahapa Johannesburg. Helikopta ya polisi ikipita juu ya nyumba yao Turffontein, mama alifunga madirisha na kuketi sakafuni. Mtoto yeye alitoka mbio kuitazama. Mama hakusema kwa nini. Mtoto hakuuliza.

Alipomaliza shule, Arlène akataka chuo cha maofisa wa jeshi, kisha urubani.

"Urubani wa nini?"

"Helikopta, Mama."

"Weye! Kazi za dunia zimeisha? Si uende unesi!"

"Mama, mie damu naiogopa."

"Na kule jeshini wanamwaga chai?"

Wiki hiyohiyo Mama Jeannine akawaomba wamama wa kanisani wafunge na kuomba, ili Arlène afeli mtihani wa kuingia. Afeli, wapendwa! Hakujua kwamba Arlène naye alishawaomba wafunge ili apite. Mama Orpha, kiongozi wa maombi, akashika kiuno.

"Eish, Jeannine, sasa Mungu tumwambie nini? Asimame kwenye robot, taa nyekundu ya barabarani, angoje mupatane?"

Wamama walicheka. Habari ikamfikia Arlène, naye hakucheka. Alipita mtihani, akaondoka bila baraka ya mama yake. Miaka yote ya chuo simu zake zilikuwa fupi. Niko mzima, Mama. Basi. Moyoni alishaamini kwamba mama hamtakii mema.

Ikafika siku ya kuvishwa beji ya mabawa ya urubani. Mama Jeannine alikwenda, kitenge kipya, kilemba juu. Helikopta moja ikawasha injini. Watu kugeuka, mama amelala kifudifudi kwenye nyasi, mikono kichwani, mbele ya wakubwa wa jeshi.

Arlène alikimbia. Akalala chini kando yake, na sare yake ya sherehe.

"Mama, ni nini?"

Ndipo mama akasema. Soko la kijijini kwao, Kivu, Kongo. Wakati wa vita. Helikopta ilitokea nyuma ya kilima. Mdogo wake alikuwa amebeba ndizi. Hakurudi nyumbani.

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Arlène."

Luteni anatuambia, "Nilifikiri mama hanipendi. Kumbe kila siku alikuwa ananizika."

Mama aliinuka, akapangusa nyasi kwenye sare ya binti yake, akamwekea mkono kichwani.

"Enda, mutoto wangu. Lakini weye ukitokea nyuma ya kilima, watu wafurahi."

Na walifurahi, wasikilizaji. Kwenye mafuriko ya mwaka huu, Arlène aliitoa familia nzima juu ya paa. Mama alimwonyesha kila mteja video ya uokoaji ule, mpaka mmoja akalalamika kwamba amesukwa upande mmoja tu.

Tunampa pole Luteni Arlène, na wamama wote wa maombi. Mungu awatie nguvu.

Na wewe unayenisikiliza, kama kuna kitu unakiogopa, mwambie mwanao kwa nini. Ukimpa woga peke yake, atadhani ni chuki. Arlène na mama yake walibahatika kupata ile nyasi ya kulala pamoja. Wewe usingoje hiyo. Mtoto yuko chumba cha pili.

Mimi nanyamaza sasa. Mwite.