Baguette za Mamere

Narcisse alikuwa amemdanganya mtawa, Mungu amsamehe, na uongo wenyewe ulikuwa mfupi kuliko Amina: alisema tu "Oui," yaani ndiyo. Asubuhi ile Mamere, mkubwa wa masera, watawa wa kike wa pale juu ya Karuba, aliingia katika chumba cha kuogea, duushi, ambacho Narcisse alikuwa akikijenga tangu Pasaka. Akatazama makaro, vigae vyeupe vilivyopanda ukutani hadi usawa wa kifua cha mtu, akafurahi. Akasema kazi imebaki kidogo, zimebaki baguette tu. Narcisse achague yeye mwenyewe, amwambie dereva wa kamio, lori lao, ambaye leo angeshuka Goma baada ya kengele ya saa sita. Narcisse hakujua baguette ni kitu gani. Maso mzee, fundi mwashi aliyemfundisha kazi, alikuwa amehamia Ngungu na maneno yake yote. Lakini hii ilikuwa kazi yake ya kwanza kuachiwa peke yake. Akionekana hajui, wangemwita maso wa Goma aje kuimaliza, na huyo huyo ndiye angepewa nyumba ya kujifungulia wazazi itakayojengwa kiangazi. Basi akainama kwa heshima, akasema "Oui, Mamere," akashuka mlima mbio hadi kwenye benchi la barazani kwa Benoît mshona nguo. Benoît walimwita Mashini, kwa sababu mguu wake haukuachana na pedali. Pale alikuwapo pia Sebarenzi, aliyeitwa Menyu kwa kuwa aliwahi kumpikia mzungu wa shamba, na ambaye kila asubuhi alichemsha kahawa ya punje zilizovunjika. Na alikuwapo Straton, mpiga kengele wa kanisa. Huyo walimwita Sakristia.

— Sema tena pole pole, Menyu akasema, huku akimimina. Amesema baguette?

— Baguette. Nimesikia na masikio yangu yote mbili.

— Sasa unaogopa ju ya nini? Baguette iko mukate! Mukate murefu ya Wazungu, hivi. Mimi nimeupika mingi kwa bwana wangu.

— Mukate mu duushi, Papa Menyu?

— Kazi ikiisha, Wazungu banakula. Siku tulimaliza daraja, si tulikula? Chagua mukubwa, na usitusahau.

— Mi niko nasema makaro, weye uko nasema tumbo.

— Makaro inatoka wapi? Inachomwa mu furu. Na mukate unachomwa mu furu. Njo ndugu na ndugu.

Sakristia hakucheka. Alikuwa anatazama kivuli cha mkalitusi barabarani, maana hicho ndicho kilichomwonyesha saa ya kengele.

— Mukate hapana, akasema. Ni fimbo.

Mashini akauondoa mguu kwenye pedali.

— Fimbo gani? Narcisse akauliza.

— Umesahau masomo, weye? Moniteur wetu alikuwa na baguette ya kuonyesha herufi ku ubao. Ikivunjika ku mugongo ya mutoto, anatuma yule yule mutoto inje: "Lete ingine, uchague wewe mwenyewe." Ukileta nyembamba, anasema unamucheka. Ukileta nene, utajua. Sasa Mamere alisema namna gani?

— Alisema... nichague mimi mwenyewe.

— Unaona!

Narcisse aliweka kikombe chini. Akaanza kuipekua roho yake kama anayejitayarisha kuungama. Kulikuwa na yale makaro yaliyovunjika, aliyoyafukia nyuma ya mgomba. Na ile sima, saruji ya mwisho wa mfuko...

— Ile sima ilikuwa inaanza kukauka, akasema kwa sauti, na hakuna aliyemuuliza.

— Sima gani? wakauliza wote.

— Kidogo tu. Nilizibia jiko ya mama yangu.

— Eeh, Narcisse! Basi leta nene, Menyu akasema.

Mashini akageuka kwenye kiti chake, sindano ikiwa bado mdomoni. Akaitoa.

— Munamutisha muntu bure. Nani anatuma kamio Goma kutafuta fimbo? Hapa Karuba miti imekwisha? Narcisse, yale makaro kule juu inaisha namna gani?

— Inaisha tu. Mudomo wazi. Angalia. Akainua kidole gumba kilichofungwa kitambaa. Imenikata jana.

— Njo ile sasa! Mimi ku nguo naweka ukanda ku mupindo, isifumuke. Na makaro iko na ukanda yake. Baguette iko ukanda ya makaro. Mamere anataka uchague rangi, basi.

Narcisse akapumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hakumaliza pumzi hiyo.

— Rangi gani, Papa Mashini?

— Nyeusi. Nyeusi juu ya nyeupe inapendeza.

— Nyeusi! Sakristia akaruka. Karatasi nyeupe na ukingo nyeusi, haujaona? Iko barua ya kifo! Unataka kufunga masera ndani ya barua ya kifo, baoge humo?

— Basi bulu, Mashini akasema.

— Bulu iko ya Bikira Maria. Na sabuni itamurukia.

— Nyekundu, Menyu akasema.

— Na ng'ombe ya jirani Semana inapita pale kila magaribi! Mashini akajibu. Ikiona nyekundu mu dirisha, itaingia na pembe zote. Na masera iko na povu ku macho!

— Kijani? Narcisse akauliza.

— Kijani inaita vyura.

— Nyeupe, jameni? Nyeupe juu ya nyeupe?

— Mamere atasema haukuchagua kitu, Sakristia akasema. Ataita muntu wa Goma, mwenye macho.

Upande wa Mushaki honi ya kamio ikasikika, mbali, kwenye kona za mlima.

— Usiogope, mudogo yangu, Sakristia akamnong'oneza. Kengele iko mu mukono yangu. Leo saa sita itafika... itafika nikipenda.

— Hapana, Papa. Nimeongopea Mamere. Tusiongopee jua pia.

Hapo ndipo Mukankusi alipofika, akitoka kwenye zizi la Semana na chombo chake cha maziwa kichwani. Kila siku alipita hapo akipeleka maziwa kwa masera.

— Ba papa, munapigana ao munasali?

Wakamweleza wote kwa pamoja: mkate, fimbo, kifo, ng'ombe. Akasikiliza huku akishusha chombo taratibu.

— Na ile duushi ni ya nani?

— Ya masera, Mama, Menyu akajibu.

— Masera iko na yao, kule chini, tangu zamani. Mi nauliza ile mupya. Ni ya nani?

Wakamtazama Narcisse. Narcisse akatazama kahawa. Tangu Pasaka alikuwa amepima kuta zile, amezinyoosha kwa uzi, amezipiga sima hadi mgongo ukamuuma, na hakuwahi kuuliza.

— Mulango unaofuata ile duushi analala Masera Adelaïde, Mukankusi akasema. Ule muzee, macho yake ilizimika. Maziwa anaijua na harufu, na mimi ananijua kwa kunishika uso. Anatembea tu na mukono ku ukuta. Kama ni yake, bulu na nyekundu atafanya nayo nini?

Menyu aliinamisha birika kumpa Mukankusi kahawa, yakatoka machicha tu.

Narcisse alikuwa anakumbuka. Wakati Mamere anasema lile neno, kidole cha Mamere kilikuwa kinapita juu ya mdomo wa makaro, ule ukingo mkali, pole pole, naye amefumba macho. Narcisse aliona, lakini aliinama tu kwa heshima, akatazama viatu vyake mwenyewe. Akafungua kitambaa kwenye kidole gumba. Jeraha lilikuwa bado bichi: mdomo ule ungeukata hivyo hivyo mkono wa kipofu.

Sakristia akasimama. Kivuli cha mkalitusi kilikuwa karibu kimekwisha.

— Mama Mukankusi, Narcisse akasema, lile neno sikulijua, na nilisema ninalijua. Twende wote kwa Mamere mbele ya kengele kulia, aniambie ni ukanda gani hautamukata Masera. Nikishindwa kusema, unisemee.