Pale Mashine Ilipoonyesha

Ninayewasomea wasifu huu hapa kaburini ni mdogo wa marehemu, Heo Jae-beom. Dada alinikataza kumpamba kwa sifa, nami hata leo namwogopa.

Marehemu Profesa Heo Suk-yeong alizaliwa Andong, Machi 14, 1961, mtoto wa kwanza wa mchuuzi wa samaki wa chumvi. Tukicheza kujificha na watoto wa jirani, hakuhangaika kututafuta. Alikaa kizingitini, akawaza kidogo, kisha akatutaja mmoja mmoja na tulipojibanza.

Alisoma Andong na Daegu, akapata uzamivu wa hisabati Daejeon mwaka 1990, akafundisha huko hadi alipougua.

Mwaka 1988 aliolewa na Bae Seung-pil, mpima misitu, wakajaliwa binti, Yun-seo. Oktoba 9, 1997, shemeji alipotea katika milima ya Bonghwa. Wito wake wa mwisho kwa redio ya upepo ulinaswa na vituo saba. Dada aligeuza umbali, miinuko na mwangwi wa mawimbi kuwa milinganyo ya polinomia, ili apate mahali wito ulipotoka. Majibu yalikuwa maelfu, karibu yote ya namba za kufikirika, yasiyo na mahali duniani.

Mwaka 2015 alianza kuifundisha mashine, yaani kompyuta, kwa maswali laki moja ya aina hiyo yaliyokwisha kutatuliwa, ili ikisie jibu halisi lilipo, kisha hesabu ya kawaida ithibitishe. Ilionyesha mteremko mmoja. Hesabu ikakataa. Alibadilisha tarakimu, akaondoa nusu yazo. Mashine ikarudi palepale. Mwenzake, Profesa Min Gwang-hui, ndiye aliyeona kosa: maswali yote laki moja yalikuwa na jibu halisi.

“Suk-yeong, mashine yako haijafundishwa kusema hakuna.”

“Aliyeifundisha naye hajui kusema hivyo.”

Mwaka 2019 tulipanda mteremko huo na mbwa wa kunusa. Hatukuona kitu.

Kwetu, asiyejulikana siku yake ya kufa hutambikiwa siku ya tisa ya mwezi wa tisa wa kalenda ya zamani. Kila mwaka nilimsihi: “Dada, mwekee shemeji bakuli la wali, ana njaa huko aliko.”

“Wali huo ni wa wafu. Shemeji yako amepotea tu.”

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliagiza kaburi la watu wawili, kwenye mteremko huu, pale mashine ilipoonyesha. Nilipolalamikia ugumu wa njia, alisema, “Mtanibeba. Nimewabeba sana.” Alifariki Daejeon, Aprili 3, mkono wake mkononi mwa Yun-seo.

Ratiba ya mazishi mliyoshika, aliyoiandika mwenyewe, inasema ameacha mume, binti na mdogo wake mmoja. Ilikwisha kuchapwa. Jana asubuhi wachimbaji walifika kina cha kiuno, upande ambao kwa desturi hulazwa mume. Wakakuta dira yenye jina la Seung-pil, na chini yake mifupa. Mkubwa wao anaapa udongo ule haukuwahi kuguswa. Mizizi ya misonobari ilikuwa mizima juu yake. Polisi wameichukua mifupa ikapimwe, na upande ule tumeuacha wazi. Sijui kulieleza jambo hili, na ninaogopa.

Naomba kila mmoja achukue kalamu, afute neno “mume”. Mimi nimekuja na mabakuli mawili ya wali.

Wapumzike kwa amani.