Sungura wa Upande wa Kulia: Wasifu wa Mzee Josphat Githongo Kahiga

(Umesomwa na binti yake wa kwanza, Judy, nyumbani kwa marehemu, Korrompoi, Kitengela, Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025)

Mzee Josphat Githongo Kahiga alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika kijiji cha Gakira, Kangema, Murang'a, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Kahiga na marehemu Muthoni. Kitambulisho chake kinasema 1958, kadi ya ubatizo inasema 1957. Familia imefuata kadi ya ubatizo. Marehemu mwenyewe alipoulizwa alikuwa akijibu kwamba siku hiyo hakuwa na kalamu, kwa hivyo hawezi kutoa ushahidi.

Alipokuwa na miaka minane, mbuzi wa baba yake alihara, akanyweshwa maji ya majani machungu, na baada ya siku mbili akapona. Watu wakiwa bado wanashukuru, Githongo akauliza kama mbuzi huyo asingepona hata bila majani. Swali hilo lilimpatia kofi. Mdogo wake, Mzee Njogu, ambaye tuko naye hapa, anasema kofi halikusaidia, kwa sababu jioni alimrudishia mama yao swali lile lile.

Alisoma shule ya msingi pale Gakira, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1971, kisha akasoma sekondari mjini Murang'a hadi 1975. Mwaka 1977 aliingia chuo cha afya ya mifugo Kabete na kutoka na cheti baada ya miaka miwili. Cheti hicho kiko ukutani sebuleni mpaka leo, kikiwa kimepinda kidogo upande mmoja, na hakuna aliyeruhusiwa kukinyoosha.

Mwaka 1979 serikali ilimtuma Kajiado kama msaidizi wa afya ya mifugo. Alifanya kazi Bissil, Mashuuru, Isinya na Kajiado mjini kwa miaka thelathini na minane. Wafugaji walimpenda kwa sababu hakuwadanganya. Ng'ombe akiwa wa kufa, alisema atakufa. Akiwa hajui, alisema hajui, na hilo ndilo lililowashangaza zaidi watu, kwa maana walikuwa hawajawahi kulisikia kutoka kwa mtu wa serikali.

Ndoa yake ilitokana na upungufu wa chanjo. Mwaka 1984, katika boma la Mzee Sironka kule Bissil, kulikuwa na ndama sitini, na Githongo alikuwa na dozi thelathini na tano. Alitaka kuwachanja wale ambao dozi zingewafikia. Mzee Sironka akamzuia langoni. "Mifugo yangu haigawanywi," alimwambia. "Ukitibu huyu na uache yule, yule atakaa akiniangalia." Githongo akafunga boksi lake, akapanda pikipiki mpaka Kajiado, na akarudi baada ya siku mbili na dozi zilizotosha wote. Ndipo alipomwona vizuri binti aliyekuwa akishika ndama masikio, Naserian, ambaye ndiye Mama yetu. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1986, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Marehemu alistaafu mwezi Machi 2017. Kila mtu alingoja kuona atanunua ng'ombe wangapi. Alinunua sungura sita. Mjomba Kisemei, kaka yake Mama, alifika, akazunguka banda mara mbili, halafu akauliza, "Shemeji, hii ni mifugo ama ni panya imeenda shule?" Marehemu akamwambia anywe chai.

Kufikia 2019 sungura walikuwa wamepita mia moja, na wakaanza kufa. Waliofuga wanajua habari hii. Kitoto kinaachishwa kunyonya, kinafika wiki ya tano au ya sita, tumbo linajaa, kinahara maji maji, na asubuhi unakiokota. Marehemu alieleza kwamba ni bakteria wa utumbo. Wengi walikuwa wakitia antibiotiki kwenye maji ya kunywa kila siku, na yeye alikataa kabisa, akisema dawa ya namna hiyo siku moja itakosa nguvu hata kwa watu. Badala yake alitengeneza unga. Alichukua majani ya oregano, kiungo chenye harufu kali alichopanda nyuma ya jikoni, kitunguu saumu kilichokaushwa, na gome la olkiloriti, ule mti ambao wakwe zake huchemsha kwenye supu mtu akiwa na shida ya tumbo. Alivisaga, akawa anawatilia kijiko kimoja kwenye chakula cha asubuhi.

Vifo vilipungua. Kikundi chake cha wafugaji wa sungura, watu ishirini na watatu kutoka hapa Kitengela mpaka Matasia na Kimuka, wakaanza kutumia unga huo na kumwita Daktari. Wengine waliomba uwekwe kwenye pakiti uuzwe. Lakini mtu aliyepigwa kofi kwa swali hasahau swali. Mwaka ule ule alioanza unga ndio alioanza kufagia banda kila siku na kubadilisha nyasi. "Sijui ni unga, ama ni ufagio," alimwambia Mama.

Kwa hivyo akaamua kupima. Jumatatu tarehe 7 Februari 2022 aligawa sungura wadogo arobaini. Ishirini wa upande wa kushoto wa banda walipewa unga, na ishirini wa upande wa kulia hawakupewa. Chakula kilikuwa kimoja, maji yale yale, ufagio ule ule, kwa siku tisini. Kila Jumamosi aliwapima uzito na kuandika daftarini. Tarehe 8 Mei alihesabu. Kushoto walikuwa wamekufa wawili, na kulia wamekufa wawili. Akachukua kalamu nyekundu na kuandika neno moja: Haisaidii.

Tarehe 4 Juni alisimama mbele ya kikundi, akavua kofia, akaomba msamaha kwa kuwapotosha. Mwenyekiti, Mama Dinah wa Kimuka, akamwambia, "Lakini Mzee, zangu zilipona." Marehemu akamjibu, "Hata zangu zilipona, na hazikuwa zinakula unga." Kikundi kikaacha. Aliporudi nyumbani aling'oa oregano yote nyuma ya jikoni. Tangu siku hiyo hakutaka tena kuitwa Daktari, na alipoalikwa kufundisha wafugaji alisema koo linamuuma. Tulidhani ni uzee.

Sasa tumefika mahali ambapo familia imekaa vikao vitatu. Mzee Njogu alitaka hapa tuandike kwamba marehemu aligundua dawa ya sungura. Ndugu yangu Oscar alitaka tuandike kwamba aligundua unga si dawa. Mama akasema tuandike ukweli, na tusipousoma atasimama mwenyewe ausome, na sote tunajua leo hana sauti ya kutosha.

Ukweli ni kwamba sungura wa upande wa kulia walikula unga. Siku ya tatu ya kipimo, marehemu akiwa anaoga, Mama aliingia bandani kuwawekea maji. Wa kushoto walikuwa wanatafuna, harufu ya kitunguu saumu imejaa banda zima. Wa kulia walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma, pua zimebanwa kwenye waya, wakimwangalia. Huyu ni binti wa boma ambalo haligawi mifugo. Alichukua kijiko akawapa wote ishirini, na akafanya hivyo kila asubuhi mpaka siku ya tisini. Hakuona kama anaharibu kitu. Aliona mizani ikitoka kila Jumamosi, akadhani kinachopimwa ni uzito.

Alielewa siku ya ule mkutano, akiwa nyuma na kina mama, anamimina chai. Kikombe kilifurika akaendelea kumimina. Mume wake alikuwa ameshavua kofia mbele ya watu, na Mama hakujua mke anasimamaje wakati huo na kusema nini. Akanyamaza. Alinyamaza miaka mitatu na miezi mitano, na kunyamaza huko kulimla.

Mvua kubwa za 2024 zilipokuja, Mama Dinah alipoteza sungura thelathini na mmoja kwa wiki moja. Mama hakula siku mbili. Je, walikufa kwa sababu unga uliachwa? Ama ni nyasi zilizoloa, na mafuriko, na baridi? Hajui. Amemuuliza kila mtu hapa nyumbani, na kila mtu amempa jibu lake, na sasa hajui zaidi ya alivyokuwa hajui kabla ya kuuliza.

Mwezi Agosti mwaka huo huo, marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na Mama hakukosa hata siku moja kumsindikiza. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huu alilazwa hospitalini Kajiado. Jumanne tarehe 4 Novemba, saa nane mchana, Mama alivuta kiti karibu na kitanda.

"Baba Judy, niko na kitu kwa roho."

"Sema."

"Wale wa upande wa kulia. Niliwapa."

"Uliwapa nini?"

"Unga. Kila asubuhi ukienda kuoga."

Marehemu alimgeuzia kichwa. Halafu akauliza, "Wote ishirini?"

"Wote. Walikuwa wananiangalia."

"Tangu lini?"

"Siku ya tatu."

"Na mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshasimama mbele ya watu."

"Mm," marehemu akasema, akafunga macho.

Hakusema zaidi siku hiyo, isipokuwa kuomba aletewe daftari. Jumatano nilimpelekea. Aliangalia kurasa zile karibu nusu saa, akakata kwa mstari mmoja lile neno la kalamu nyekundu, na juu yake akaandika: Haijulikani. Akatia sahihi na tarehe, kama alivyokuwa akifanya kwenye kadi za chanjo. Alhamisi tarehe 6 Novemba, saa moja asubuhi, alituacha, Mama akiwa amemshika mkono.

Hatujakubaliana ile "Mm" ilikuwa ya aina gani. Mzee Njogu anasema alikuwa amesamehe, kwamba tangu utotoni ndivyo alivyosamehe. Mjomba Kisemei anasema huyo alikuwa anahesabu. Mama anaamka nayo na kulala nayo. Kama kuna mtu hapa aliyemjua marehemu kazini na anaweza kumwambia, aje akae naye kabla ya kwenda nyumbani.

Wanakikundi, tunawaomba kitu kimoja. Tangu habari hii ianze kuvuja kwenye matanga, watu watatu wameuliza kama unga bado upo wauziwe. Haupo wa kuuzwa. Marehemu hakuacha dawa, na hakuacha ushahidi kwamba si dawa. Pengine unga uliwaokoa sungura wote arobaini, pengine mwaka ule ugonjwa haukupita kwetu. Sungura wako akijaa tumbo, mwite daktari wa mifugo, usingoje familia hii imalize kuchanganyikiwa.

Mzee Githongo ameacha mjane wake, Naserian, watoto wake, Judy wa Kware, Oscar wa hapa Kitengela na Nailantei wa Kajiado, wajukuu watano, mdogo wake Mzee Njogu, shemeji yake Kisemei, na kikundi kizima cha wafugaji. Ameacha pia sungura wadogo arobaini walioachishwa kunyonya wiki hii. Kuanzia Jumatatu tarehe 17, ishirini watapewa unga, kwa oregano ambayo Mama Dinah hakuing'oa kwake Kimuka, na ishirini hawatapewa. Majibu yatasomwa hapa kaburini Jumapili tarehe 15 Februari 2026, yawe ya kutufurahisha au la. Mama ameomba mwenyewe kwamba ufunguo wa banda ukae kwa Mjomba Kisemei hadi siku hiyo, na kwamba asipewe hata akiuomba kwa machozi.

Mungu ampe Mzee Githongo pumziko lake, na ampe Mama moyo mgumu, kwa siku tisini tu.