Koti la Swafiya Halijashonwa Kabisa

Risala ya Ushirika wa Mafundi Cherehani Sindano Moja, Nyamirambo, Kigali, kwa mgeni rasmi, Daktari Joselyne Mutsinzi, mkuu wa masomo ya uzamili ya uhandisi tiba, siku ya kufungua chumba chetu kipya cha kukatia. Imesomwa na katibu, Iradukunda.

Mgeni rasmi, mama yetu Daktari Joselyne, asalaam alaykum, na kwa wenzetu wa kanisani, amani iwe nanyi.

UKARIBISHO

Umeacha ofisi yenye lifti huko Kacyiru ukatupandia huku kwetu, nasi tumefurahi kupita kiasi. Asubuhi ya leo fundi mmoja ameshona mkono wa shati kwenye kola, na hakuna aliyemgombeza. Vyerehani vyote vimenyamaza kwa heshima yako, jambo ambalo majirani walikuwa wameshalikatia tamaa. Karibu sana.

TULIKOTOKA

Ushirika huu ulianzia kwenye baraza ya duka la Babu Usumani, mwenyekiti wetu, ambaye baba yake alifika hapa na marobota ya vitambaa na Kiswahili chake cha pwani. Tuna sheria moja tuliyoirithi kwake: nguo haimaliziwi kabla ya kujaribishwa mwilini. Hushikizwa kwanza kwa nyuzi za muda, mwenyewe akaivaa, akainua mikono, akakaa, akainama. Ikimbana, hufumuliwa bila kinyongo. Chini ya meza za baraza hiyo ndiko alikokulia Swafiya, mjukuu wa Babu Usumani. Ni yule pale mwenye mtandio wa kijani, anayejifanya hatusikii.

TUNAYOJIVUNIA

Swafiya alipotuambia anakwenda kusomea uhandisi tiba, tulimpongeza kwanza, kisha ndipo tukauliza ni kitu gani. Leo ana shahada yake ya kwanza, na sisi sote tunatembea kama tuliosoma.

Mgeni rasmi, tunaye hapa Mama Mukandekezi, anayetutengenezea matundu ya vifungo, naye anatembelea mguu bandia. Asubuhi unamkaa vizuri. Jua likipanda, kigutu huvimba na mguu huanza kumuuma. Katika mwaka wake wa mwisho chuoni, Swafiya akaamua kumtengenezea soksi laini ya kuvaa ndani ya mguu ule. Akampima asubuhi, akampima tena mchana.

Soksi ya kwanza ilikuwa balaa. Mama Mukandekezi alikwenda nayo hadi mlangoni, akarudi, akasema, "Swafi, soksi yako iko inaniuma kuliko hata mguu."

Tulicheka mno. Swafiya hakucheka. Aliketi sakafuni akaigeuza, akakuta mshono ndio uliokuwa ukichuna ngozi. Akafumua yote, mshono akauhamishia nje, na pembeni akatia kamba za kukaza na kulegeza. Akajaribu tena na tena, Mama Mukandekezi akimnung'unikia na kumnyooshea mguu papo hapo. Hatimaye siku moja mama huyu alishuka hadi Nyakabanda kununua nyanya, akarudi kwa miguu akipanda mlima wote bila kupumzika, akasimama mbele ya duka na kupiga vigelegele. Dereva wa moto, pikipiki zetu za abiria, alisimama na abiria wake mgongoni kuuliza ni harusi ya nani. Swafiya alipokea zile nyanya, akaanza kulia nazo mikononi. Ametuambia hajawahi kufurahi vile, hata siku ya kuvaa joho.

KINACHOTUKUNA VICHWA

Sasa, mgeni rasmi, neema zimemjia mbili kwa pamoja. Amepata nafasi ya shahada ya uzamili ng'ambo, masomo yote yamelipiwa, kusomea mashine zinazopiga picha za ndani ya mwili. Mashine hizo anazipenda kweli. Akizieleza, mikono yake haitulii. Na hapa Kigali, chuoni kwako, mmetangaza njia mpya ya uzamili, ya viungo bandia. Tumesikia haitaanza mpaka wapatikane wanafunzi, na hadi leo hakuna hata mmoja aliyejiandikisha. Kote kuwili jibu linatakiwa kesho.

Babu Usumani hakuona ugumu. "Mjukuu wangu, mchagua nazi hupata koroma," alimwambia. "Wewe chukua ng'ambo."

Hapo ndipo na sisi tulipofanya mambo ya kifundi. Kwetu mteja akisita mno mbele ya vitambaa, fundi humchagulia, akakata. Basi tukakata koti zito la bluu, bluu nje na ndani, la baridi ya huko anakokwenda, tukalitundika dirishani. Mtaa mzima ukajua. "Safari njema, Swafi!" "Ututumie picha ya theluji, sha!" Mwenyewe akaanza kupita njia ya nyuma ili asilione dirisha letu.

Mwisho aliingia dukani, akasimama mbele ya koti.

"Babu, mumenikatia koti mbele sijasema naenda?"

"Mteja akisita, fundi anakata."

"Yego, Babu, ni kweli. Lakini hata mteja munamupima kwanza."

Babu Usumani alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia tena la kufanya. Tumekaa tu kumsikiliza, na hofu yake ametueleza waziwazi. Akienda, anaogopa njia ya hapa itakufa kabla haijaanza, na watu wa miguu kama wa Mama Mukandekezi ni wengi. Akibaki, anaogopa atakuwa peke yake, aambiwe asubiri wenzake, na wakati huo nafasi ya ng'ambo imeshapita. Atajikuta mikono mitupu.

MAOMBI YETU

Swafiya ametuahidi kwamba leo, mbele yako, atachagua kwa kinywa chake. Hatujui atasema nini. Katibu amehojiwa na kila fundi, akaapa kuwa hata yeye hajui.

Koti liko pale mezani, limeshikizwa kwa nyuzi za muda tu. Akienda, tutalishona leo hii hii, na tunakuomba umwekee mlango wa kurudi kuwafundisha wengine. Akibaki, koti litafumuliwa, kitambaa chake kiwe soksi za miguu bandia, na tunakuomba njia hiyo ifunguliwe hata kwa mwanafunzi mmoja. Tafadhali usimwambie asubiri. Chumba hiki kipya wanafunzi wako wakitumie. Waje wakatie hapa, watufundishe wanayoyajua, nasi tuwaonyeshe yetu.

Mama Mukandekezi ameagiza na lake liandikwe lilivyo: "Mimi niko tayari kujaribishwa kila siku. Mguu iko, siendi popote."

Mgeni rasmi, Mwenyezi Mungu akupe afya na moyo mpana, Imana ikurinde, yaani Mungu akulinde, uendako na urudiko, na kila nguo utakayovaa ikukae vizuri. Ni sisi wako, mafundi wa Sindano Moja, Nyamirambo. Tunanyamaza sasa. Swafiya, simama mwanetu.

*

Yaliyofuata, kama katibu alivyoyaandika chini ya risala:

Swafiya alisimama. Hakwenda kwenye kipaza sauti, alikwenda mezani. Alichukua mkasi wa babu yake. Akaligeuza koti, akatafuta bega, akakata uzi wa kwanza.

"Ninabaki," alisema. "Viungo bandia. Hata kama niko peke yangu."

Kelele zilizolipuka zilimlazimu mgeni rasmi kuinua mikono yote miwili. "Hauko peke yako," alisema Daktari Joselyne. "Kesho asubuhi uje ofisini ujiandikishe. Tunaanza na wewe, wengine watatukuta njiani."

Babu Usumani aliinuka. Alisogea mezani, akashika mkono wa pili wa koti, akaanza kufumua kutoka upande wake, taratibu, machozi yakimdondokea kitambaani wala hayafuti.

Mama Mukandekezi alikuwa ameshavuta kiti hadi katikati ya chumba. Akaketi, akanyoosha mguu.

"Swafi, acha kulia, nipime," alisema. "Asubuhi iko inaisha."